Kikapu Kilichoachwa Mlangoni

Dominika ya 23 ya Mwaka C
Injili: Luka 14:25-33



Mwinjili Luka atuonyesha leo makutano makubwa wakifuatana na Bwana njiani. Mhubiri wa kawaida angalifurahi kuuona umati wa namna hiyo, akanyamaza asije akautawanya. Bwana wetu hakunyamaza. Aligeuka, akawatajia gharama yote palepale, kabla hawajafika mbali: kumtanguliza Yeye kuliko baba na mama, kuuchukua msalaba, kuachana na mali. Kisha akawapa mifano miwili, wa mjenzi wa mnara na wa mfalme aendaye vitani. Kila mmoja wao yampasa kuketi kwanza na kupiga hesabu, maana awekaye msingi na kushindwa kumaliza huwa kichekesho cha wapita njia.

Leo twapenda kuutazama mfano wa mjenzi kwa kupitia jambo la siku zetu, ambalo vijana wanaotusikiliza walifahamu vizuri kuliko sisi: ununuzi kwa njia ya mtandao. Kwa faida ya wazee wetu wasiotumia simu za kisasa, tueleze kidogo. Duka la mtandaoni halina mlango wala meza ya muuzaji. Mnunuzi hutazama picha za bidhaa katika kioo cha simu yake. Akipenda kitu, hubofya, nacho huhesabiwa kuwa kimeingia kikapuni. Kikapu hicho si cha ukindu. Ni orodha tu. Akisha kuchagua, huenda mahali pa kulipia, huandika jina na anwani, hulipa, kisha husubiri mzigo uletwe.

Jambo la kustaajabisha ni hili. Taasisi ya Baymard ya nchini Denmark, ambayo kwa miaka mingi imekusanya tafiti juu ya maduka hayo, yatueleza kwamba katika kila vikapu 10 vinavyojazwa, karibu 7 huachwa bila kulipiwa. Saba katika 10! Muuza vitenge wa Kariakoo, lau angaliona wateja 7 wakichagua, wakikunjiwa, wakifungiwa, kisha wakiondoka pasipo neno hata moja, angalishuku kwamba amerogwa, nasi tungalipata kazi ya kumwelimisha. Wafanyabiashara wa mtandaoni hawakumtafuta mchawi. Waliketi, kama yule mjenzi, wakawauliza wanunuzi sababu. Majibu waliyoyapata yana faida hata kwetu, kama tutakavyoona.

Lakini kwanza tukumbuke kwamba tabia hiyo ina mzizi wa zamani. Mwaka 1937, katika mji wa Oklahoma City huko Marekani, mwenye maduka aitwaye Sylvan Goldman alitambua kwamba wateja wake huacha kuchagua bidhaa pale kikapu kinapoanza kuulemea mkono. Akabuni kikapu cha magurudumu. Mwanzoni watu hawakukipenda, hata ikambidi kuajiri watu wa kukisukuma humo dukani ili wengine waone na kuiga. Goldman alikuwa ameelewa jambo moja: kila mnunuzi anapo mahali ambapo mzigo huanza kumlemea. Basi, katika duka la mtandaoni kikapu hakina uzito hata kidogo. Ndiyo maana hujaa upesi. Uzito wote umehamishiwa mwishoni, mahali pa kulipia, na hapo ndipo watu huangusha mzigo wakaenda zao.

Wanaangushwa na nini? Sababu inayotajwa na wengi kuliko nyingine zote ni gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni. Mtu ameona bei, ameikubali, ameipangia fedha. Afikapo mwisho, akuta imeongezwa ada ya kusafirisha, na kodi, na ada ya huduma ambayo haelewi ni huduma gani. Si lazima fedha hizo ziwe nyingi. Kinachomchoma ni kwamba hakuambiwa. Huanza kujiuliza: kama hili lilifichwa, ni lipi jingine lililofichwa?

Sisi wenyewe tumeyaonja hayo. Wakati fulani tulitaka kununua kitabu cha ufafanuzi wa Injili hii hii ya Luka kutoka duka la ng'ambo. Bei yake ilikuwa dola 18, nasi tulikuwa nazo. Tulipofika mwisho, ada ya kutuletea kitabu ikawa dola 34. Tukajikaza, tukaendelea. Ndipo fomu ikadai jina la mtaa na namba ya nyumba. Tulipoandika sanduku la posta la parokia, fomu ikakataa kwa maandishi mekundu. Tulipoandika tena, ikakataa tena. Tukazima kompyuta. Tulibaki na hasira kidogo, na tukiri pia, na aibu kidogo, kama mtu aliyealikwa karamuni kisha akafungiwa mlango.

Sababu ya pili ni kudaiwa mengi kabla ya wakati. Maduka mengi humtaka mgeni afungue akaunti kwanza, abuni nenosiri, ataje tarehe ya kuzaliwa na mengineyo, ilhali yeye amekuja kununua jozi ya viatu tu. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Jared Spool, alisimulia mwaka 2009 habari za duka kubwa ambalo hakulitaja jina. Duka hilo liliweka fomu fupi ya kujiandikisha kati ya kikapu na malipo, likidhani kwamba lawafanyia wateja wema. Wageni walichukizwa, na wateja wa zamani walikuwa wamesahau nenosiri. Wenye duka walipoiondoa sharti hiyo, wakaweka mahali pake kitufe cha kuendelea na maneno machache ya kumweleza mnunuzi kwamba kujiandikisha si lazima, idadi ya waliokamilisha ununuzi iliongezeka kwa asilimia 45, na mapato ya mwaka wa kwanza yakapanda kwa dola milioni 300. Bidhaa zilikuwa zilezile na bei ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mlango tu.

Sababu ya tatu ni kukosa imani. Mnunuzi hamwoni muuzaji. Aombwa namba za kadi yake ya benki, naye hajui ni nani aliye upande wa pili. Huku kwetu jambo hili twalijua sana. Tangu fedha zianze kutumwa kwa simu, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, wamekuwapo ndugu waliotuma fedha kwa mtu wasiyemjua wakitazamia kuletewa simu au kitambaa, wakaambulia kimya. Nani asiyewahi kupokea ule ujumbe wa matapeli usemao kwamba ile hela itumwe kwa namba hii? Ndiyo sababu wengi wetu hupendelea kulipa mzigo ukisha kufika mkononi. Anayetaka kulipa baada ya kuona tusimwite mshamba. Aliumwa na nyoka, sasa aogopa ung'ongo.

Tena wapo wauzaji wetu wa mitandaoni waonyeshao picha nzuri za magauni, lakini bei hawaiandiki. Mteja akiuliza, huambiwa aende kuulizia faraghani. Watu hujisemea moyoni: bei isiyoweza kusemwa mbele za watu ina kasoro gani? Wakapita. Muuzaji naye hubaki akilalamika kwamba wateja wa siku hizi hawana nia.

Wapendwa wasikilizaji, sokoni kwetu kuondoka ni sehemu ya maongezi. Mama amekataa bei, amegeuka, amepiga hatua tatu, naye muuza nyanya huita, "Rudi mama yangu, wewe unatoa ngapi?" Hapo kuna watu wawili wanaotazamana. Katika duka la mtandaoni anayeondoka haitwi kwa jina na wala haulizwi kinachomsumbua. Hutumiwa tu ujumbe baadaye, wa kumkumbusha kikapu chake, au kumtia hofu kwamba bidhaa zimebaki 2 tu, au kumpunguzia bei kwa siku moja. Mbinu nyingine ni mbaya zaidi: alama ya kukubali bima au huduma ya ziada hutangulia kuwekwa, ili asiyekuwa makini alipe asichokiomba. Nchi za Umoja wa Ulaya zililikataza jambo hilo kwa sheria iliyoanza kutumika mwezi Juni 2014, na zikaagiza kwamba kitufe cha mwisho kimweleze mnunuzi waziwazi kuwa akikibofya amekubali kulipa. Nchini Marekani, tangu Mei 2025, wauzaji wa tiketi za maonyesho na wakodishaji wa nyumba za kulala wageni wanatakiwa kutaja bei nzima tangu mwanzo. Watawala wa dunia hii nao wamekiri kwamba gharama iliyofichwa ni aina ya udanganyifu.

Hata hivyo tusidhani kwamba kila aachaye kikapu ametendewa vibaya. Wengi walikuwa wakitazama tu, kama sisi sote tunavyopita madukani siku ambayo mifuko ni mitupu. Na wapo walioondoka kwa hekima. Mama mmoja alitusimulia jinsi usiku mmoja, watoto wakisha kulala, alivyojaza kikapu chake viatu na pochi na vyombo vya mezani. Alipofika mahali pa kulipia akaiona jumla, akakumbuka karo ya muhula ujao, akaifunga simu akalala. Wenye duka walimhesabu miongoni mwa wale 7 walioshindwa. Sisi twamhesabu miongoni mwa walioshinda. Aliketi akapiga hesabu kabla ya kujenga, wala hakuna mpita njia wa kumcheka. Kumbe kuacha si kosa wakati wote. Yafaa tuulize kila mara: huyu ameondoka kwa sababu amepima, au kwa sababu amedanganywa, au kwa sababu amechoshwa mlangoni?

Swali hilo, ndugu wapendwa, limeturudisha nyumbani kwetu sisi wachungaji. Nalo latuuma.

Miaka kadhaa iliyopita walikuja ofisini kwetu kijana na mwenzake waliokuwa wakiishi pamoja na kulea watoto 2. Walitaka kufunga ndoa. Tuliwapokea vizuri, tukawaambia walete vyeti vya ubatizo. Walivileta. Tukawaambia, sasa leteni barua ya jumuiya. Jumuiya ikasema barua haitoki mpaka michango ya miaka 2 ikamilike. Wakalipa, wakarudi. Tukawaambia kuna mafundisho ya miezi 3. Hilo lilikuwa la haki, lakini hatukulitaja tangu mwanzo. Kisha katibu akawatajia sadaka ya kwaya, na ya wapambaji, na ya usafi wa kanisa, kila siku moja jipya. Mara ya tatu waliondoka wakisema watarudi. Hawakurudi. Nasi, wapendwa wasikilizaji, hatukuuliza. Tulisema mioyoni, vijana wa siku hizi hawana nia.

Ilipita miaka 4. Siku moja tulikutana na yule mama kituo cha basi, tukamuuliza kwa nini hawakurudi. Alitujibu kwa adabu, macho yakiwa chini: "Baba Paroko, kila tulipokuja paliongezeka kitu. Tuliogopa kuja mara ya nne." Miaka 4 bila Komunyo. Miaka 4 wakikaa benchi la nyuma na kuinama wenzao wanapokwenda mbele. Hawakuikimbia Sakramenti. Waliikimbia fomu yetu.

Tuliwafungisha ndoa baadaye, siku ya kazi, katika Misa ya asubuhi, mbele ya mashahidi 2 na watoto wao. Kwaya haikuwapo, wala maua. Tulipowauliza kama wapo hapo kwa hiari yao, walijibu kwa sauti iliyotutia haya.

Katekista mpendwa unayetusikiliza, usituelewe vibaya. Hatusemi kwamba mafundisho yafupishwe, wala kwamba vyeti havina kazi, wala kwamba mwamini asitegemeze Kanisa lake. Bwana wetu hakupunguza bei ya mnara. Fikirini yule kijana tajiri wa Injili ya Marko, aliyekuja mbio akapiga magoti. Hakuna aliyekaribia kuliko yeye; alikuwa amefika mahali pa kulipia. Yesu akamtazama, akampenda, akamtajia gharama yote kwa sentensi moja. Kijana akaondoka kwa huzuni. Bwana hakumkimbilia na punguzo la siku moja. Hakumwambia auze nusu. Lakini pia hakumficha kitu, hakumzungusha, na kabla ya kumtajia gharama alimpenda. Aliyeondoka kwa Yesu aliondoka akijua hasa anachokiacha. Walioondoka kwetu waliondoka wasijue kilichobaki ni kiasi gani.

Tofauti ndiyo hiyo. Mwinjilishaji anayetaja gharama mapema, waziwazi, kwa upendo, aweza kukataliwa. Lakini hatakuwa amedanganya. Anayeitaja kidogo kidogo huwapoteza hata wale waliokuwa tayari kulipa yote.

Somo la pili la leo latupa kielelezo. Mtume Paulo amwandikia Filemoni juu ya Onesimo mtumwa wake. Paulo alikuwa na mamlaka ya kuamuru. Angaliweza pia kumzuia Onesimo akae naye, na kumfanya Filemoni akubali kwa kukosa njia. Hakufanya hivyo. Alitaka wema wa Filemoni utoke kwa hiari, siyo kwa kulazimishwa. Akangoja idhini yake. Hakumtangulizia alama ya kukubali. Imani ya Kikristo haina mteja aliyenaswa.

Basi tuseme maneno machache ya kutenda katika juma hili.

Ninyi mnaofanya biashara, iwe katika genge la mtaani, iwe katika simu, andikeni bei, na andikeni yote, pamoja na nauli ya mwendesha bodaboda. Picha ya gauni iwe ya gauni lile lile litakalopelekwa. Mkikosea, rudisheni fedha pasipo kungoja kubembelezwa. Mzani wa haki ni chukizo kwa mwizi tu.

Ninyi mnaonunua, msione haya kuuliza jumla kabla ya kuchagua, wala msione haya kuacha. Na anayejaza kikapu kila usiku kwa kujifariji, ajiulize ni utupu gani anaoujaza. Wapo wanaokesha wakichagua wasivyovihitaji, huku mtu wa kuzungumza naye amelala chumba kile kile.

Ninyi makatekista, makatibu wa parokia na viongozi wa jumuiya, tufanye jambo moja dogo pamoja nasi mapadri. Tuandike kwenye karatasi moja yote yanayotakiwa kwa ubatizo, kwa ndoa na kwa mazishi, na tuibandike mlangoni. Kilicho cha lazima kiandikwe kuwa ni cha lazima. Kilicho cha hiari kiandikwe kuwa ni cha hiari. Na asiye na kitu aandikiwe kwamba aje vilevile. Kisha tuchukue daftari la ofisi, tuyasome majina ya walioanza wasimalize: mkatekumeni aliyekoma kabla ya Pasaka, wachumba waliotoweka, mzazi aliyeuliza habari za ubatizo mara moja tu. Tuwaendee nyumbani. Tusiende kuwadai. Twende kuwauliza kwa upole, kama muuza nyanya yule, "Mwenzetu, ni nini kilichokuzuia?" Tena tuwe tayari kusikia kwamba kilichomzuia ni sisi.

Na kila mmoja wetu anao mnara wake uliosimama msingini: ahadi ya kupatana na ndugu, nadhiri ya kuacha ulevi, kitubio kinachoahirishwa mwaka hadi mwaka. Tumefika mlangoni mara ngapi tukarudi? Tuketi leo, tupige hesabu. Gharama yake twaijua, hakuna iliyofichwa; Bwana ameitaja yote. Nayo sehemu kubwa alikwisha kuilipa mwenyewe juu ya Msalaba.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewatazama watu kwa upendo kabla ya kuwadai, utufundishe kusema kweli tangu mwanzo. Uwasamehe waliofunga milango yako kwa makaratasi, nasi tukiwa wa kwanza. Uwarudishe walioondoka kwa huzuni, uwape ujasiri wa kuja hata mara ya nne. Nasi tulioanza kukufuata, utujalie kumaliza. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo. Dominika njema.